Mama Adeline Kahindo Anafika Siku ya Saba

Mama Adeline Kahindo amefundisha kitabu cha Mwanzo katika Chuo chetu cha Biblia Neema, hapa mtaa wa Lumumba, Bunia, kwa miaka thelathini na sita ya masomo, tangu Septemba 1989. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Hii ni mara yake ya tatu kustaafu. Mara mbili zilizotangulia tulipika wali na kuku, tukamvika kitenge kipya, tukaimba, tukalia machozi ya kweli, na Septemba tukamkuta yuko kalasini anafuta ubao. Vitenge hakurudisha.

Ndiyo maana komite imeniomba safari hii niandike kwa uangalifu. Mimi ni Adolphe, mwalimu wa Injili. Kalasi yangu na yake zinatengwa na ukuta wa mbao nyembamba, na sauti ya Mama Adeline haijapata kuzuiwa na mbao. Kwa miaka kumi na tisa nimehudhuria uumbaji wa mbingu na nchi bila kujiandikisha. Wanafunzi wangu nikiwauliza habari za Zakayo, wananijibu habari za anga.

Alizaliwa Butembo, katika jamaa ya wafanyabiashara. Kaka zake wanauza simenti, mabati na misumari. Yeye aliletwa Bunia na ndoa. Mume wake, marehemu Papa Vahwere, alikuwa na duka karibu na soko, na alidhani amepata mke wa kusimama dukani. Mama Adeline alisimama wiki moja tu. Watu waliingia kununua sabuni, wakatoka wakijua Mungu alitenga maji ya juu na maji ya chini, lakini sabuni walisahau. Ijumaa ya wiki ile Papa Vahwere mwenyewe alipanda mpaka hapa chuoni, akamsihi Direkta wa wakati ule ampe mke wake kazi, kazi yoyote, haraka. Tunamshukuru marehemu kwa uamuzi ule.

Kufundisha kwake kulikuwa na sheria moja: haraka haraka haina baraka. Siku ya kwanza ya uumbaji ilianza Septemba na kumalizika Oktoba, kama hakukuwa na maswali. Serge, kijana wa Kilo ambaye leo ni mchungaji, aliwahi kuuliza kama jua liliumbwa siku ya nne, basi zile siku tatu za kwanza mwangaza ulitoka wapi. Mama Adeline alimjibu kwamba siye watu wa Bunia tungepaswa kulielewa jambo hilo kabla ya mataifa yote, maana taa ni kitu kimoja na mwangaza ni kitu kingine, na kwa nyumba zetu taa ziko tele, umeme ndio hauko. Kalasi ilipomaliza kucheka, aliwaambia kwamba watu wa zamani walipigia jua na mwezi magoti. Lakini hadithi hii inasema ni taa tu, kubwa na ndogo, zimetundikwa na Mungu ili tujue saa ya kulima na saa ya kulala. Mwenye kuabudu taa, alisema, ni kama mgeni anayeamkia mlango badala ya mwenye nyumba. Nilisikia haya yote kupitia ukuta, na nilikuwa katikati ya somo la muujiza wa mikate.

Siku ya sita ndiyo ilimfanya ajulikane katika jimbo zima la Ituri. Kila mwanafunzi aliagizwa kuleta konzi moja ya udongo wa kwao. Wa Fataki walileta mweusi, wa shamba. Wa mjini hapa walileta ule mwekundu ambao Elodie, sekretere wetu, anapigana nao kwenye sakafu tangu aajiriwe. Udongo wote ulimwagwa katika karai moja, ukatiwa maji, ukakandwa, kisha wanafunzi wakafinyanga mtu. Mtu akikauka, Mama Adeline aliwaambia kila mmoja atoe udongo wa kwao arudi nao nyumbani. Wapi! Hakuna aliyeweza. Aliwaacha wahangaike kidogo, halafu akasema: “Muko munaona? Munatoka kwa karai moja. Na hata hivyo bado huyu haiko mutu, iko tope tu, mpaka Mungu apulize.”

Mwaka mmoja kulikuwa na vijana wawili wasiopeana mkono, kwa sababu ya mambo yaliyopita kati ya vijiji vyao, ambayo sisi wote tunayajua na hatuna haja ya kuyaandika kwenye programu ya sherehe. Mama Adeline aliwapa wafinyange kichwa kimoja. Mmoja alitengeneza pua upande wake, mwingine akatengeneza masikio upande wake, bila kuulizana. Sijawahi kuona Adamu mwenye sura mbaya vile. Wao wenyewe walipomgeuza wakamtazama usoni, kicheko kiliwashika mpaka wakashikana mabega wasianguke. Leo wanachunga makanisa jirani na wanaazimana baiskeli.

Tulipata hasara mara moja tu. Serge, niliyemtaja, alileta udongo wa Kilo, na watu wa Kilo, kule kwenye migodi, wana macho ya pekee. Adamu alipokuwa anakauka dirishani, Serge aliona kitu kinang’aa kwenye bega lake. Alikwenda kumnong’oneza mwenzake, mwenzake akamnong’oneza wa tatu, na Mama Adeline aliporudi kutoka chooni alikuta mwaka wa kwanza wote wako nje bombani, mikono ya mashati imekunjwa, wanamsafisha Adamu kwenye beseni kutafuta dhahabu. Mguu mmoja tu ulikuwa umebaki. Direkta alitaka kuwafukuza. Mama Adeline alikataa. Alisema Mwanzo yenyewe inataja dhahabu karibu na bustani, kwa hiyo vijana hawakutoka nje ya somo. Ila aliwauliza swali moja ambalo Serge analihubiri mpaka leo: kama munamuvunja mutu ili mupate kitu cha thamani ndani yake, je, mulikuwa mumeona kitu gani pale mwanzo?

Kisha lilikuja somo la sura ya Mungu. Alieleza kwamba katika falme za kale ni mfalme peke yake aliyeitwa mfano wa mungu, na wengine wote walikuwa wa kubeba maji. Mwanzo ikaja ikasema hapana, ni mtu, kila mtu, mwanamume na mwanamke, hata mama anayeuza majani ya sombe chini ya mwavuli uliotoboka. Ili waelewe, aliwatuma sokoni wawasalimie watu kumi kwa heshima wanayompa gavana. Mwanafunzi mmoja alimwinamia motari, dereva wa pikipiki ya abiria, mpaka chini. Motari alimtazama vizuri, akamwambia apande au aache njia, na kwamba safari ya bure hakuna.

Mara ya kwanza alipostaafu, Juni 2023, alirudi Septemba kuchukua mwavuli wake. Mwavuli ulipatikana dakika ileile. Alikaa mpaka Julai. Mara ya pili kosa lilikuwa langu, nakiri mbele ya wasomaji wote. Nilikuwa nimepewa somo lake, na siku ya kwanza tu niliwaeleza wanafunzi kwamba Hawa aliumbwa wa pili, akaitwa msaidizi, kwa hiyo mambo ya jikoni yanajieleza. Nilisikia mtu anakohoa dirishani. Nilidhani ni mwuza ndazi. Lo! Aliingia na kapu la nyanya mkononi, akaniuliza mbele ya wanafunzi arobaini: Zaburi ikisema Mungu ni msaada wetu, ina maana Mungu ni mupishi wetu? Nilikaa chini. Yeye akashika chaki, na mwaka ukaanza.

Tulicheka, na bado tunacheka. Lakini mwezi wa tatu mwaka huu kicheko kilitukauka mdomoni. Ilikuwa Jumanne. Alikuwa ubaoni, siku ya sita, na nilisikia sauti yake upande wa pili ikikatika katikati ya sentensi. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nikimwomba Mungu ile sauti inyamaze hata dakika tano nipate kufundisha. Iliponyamaza niliogopa sana. Tulimkuta sakafuni, chaki bado iko mkononi.

Munganga wa hospitali alisema ni tansiyo, damu imepanda. Hakuzunguka. Alisema miguu ya Mama Adeline na moyo wake havina tena nguvu ya kusimama saa sita kwa siku, na kwamba akirudi ubaoni Septemba, asiahidi mtu yeyote Krismasi. Binti yake Fanny alifika kutoka Butembo akilia, akamwomba mama yake aache kazi. Mama Adeline alimwambia atafikiri. Baadaye aliagiza chaki. Alimfundisha mgonjwa wa kitanda cha jirani uumbaji mpaka siku ya tatu, na yule mama alipona ghafla, akaruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya samaki. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na wetu hata kulala alikuwa halali.

Nilikwenda kumwona siku ya nne ya kulazwa kwake nikiwa nimejitayarisha kumgombeza. Sikupata nafasi. Aliniangalia na kuniambia polepole, kwa sauti ambayo isingepita ukuta wowote: “Adolphe, nyumba ya baba niliacha nikiwa musichana. Vahwere alikufa. Watoto wako kwao. Kwa njia nikipita, watu wanasema, Mwalimu, jambo. Hata jina yangu hawajue. Kama naacha kufundisha, miye nitabakia nani?” Jamani, mimi ni mwalimu wa Injili, nilikuwa na jibu refu lenye mistari kumi. Nilimmenyea chungwa tu. Ndipo nilipojua kwamba mwavuli na nyanya vyote vilikuwa visingizio, na kwamba dada yetu alikuwa tayari kufa mwalimu kuliko kuishi asijulikane ni nani.

Aliponiruhusu niendeleze somo lake akiwa kitandani, alinituma kabatini kuchukua kaye zake, daftari za somo. Zilikuwa saba, zimefungwa kwa kamba, moja kwa kila siku ya uumbaji. Kaye ya kwanza mpaka ya tano zilikuwa zimejaa hadi pembeni. Ya sita ilikuwa imebandikwa karatasi juu ya karatasi, haifungiki tena. Nikafungua ya saba. Juu kulikuwa na tarehe ya 1989 na kichwa cha somo, “Siku ya Saba”, kimepigwa mstari kwa rula. Chini yake hapakuwa na kitu. Niligeuza kurasa zote mpaka jalada la nyuma.

Nilimwuliza. Hakushtuka. Alisema muda haujawahi kutosha, maana kila mwaka Julai inafika watu wakiwa bado kwenye karai, basi siku ya saba huwaambia watasoma nyumbani. Miaka thelathini na sita, ndugu zangu! Mwalimu mkubwa wa uumbaji kuliko wote Ituri hakuwahi hata mara moja kufundisha habari ya Mungu kupumzika. Hapo nikaelewa kwa nini wachungaji wetu wako vile walivyo. Toka Mahagi mpaka Komanda wanahubiri, wanazika, wanachimba msingi wa kanisa, wanapatanisha wenye ng’ombe na wenye shamba, na hakuna anayejua kukaa. Mchungaji Serge mwaka jana alisinzia akiwa katikati ya mto, na aliyekuwa anabatizwa ndiye aliyemwokoa.

Nilipeleka ile kaye tupu kwa komite. Direkta aligeuza kurasa zake, kisha akasema hatutamwomba tena Mama Adeline aache kazi, kwa sababu hakuna anayemweza. Tumwombe amalize kazi. Tukamwandikia barua ya heshima kwamba chuo kinamdai somo moja. Alikubali siku ileile, na kwa furaha iliyotutia wasiwasi. Aliomba trimestri nzima, miezi mitatu. Tulimpa saa moja.

Ilikuwa Jumatano tarehe 18 mwezi huu. Kalasi ilijaa hadi mlangoni. Elodie alifunga ofisi, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa harusi yake. Serge alitoka Kilo, amelala vizuri kwa kuwa tulimwamuru. Mama Adeline aliingia taratibu, kaye ya saba mkononi, akasimama ubaoni.

Alianza vizuri. Alisema Mungu hakupumzika kwa sababu amechoka, maana Mungu hana tansiyo. Alipumzika kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha na ilikuwa nzuri, na alitaka kuitazama. Alisema miungu ya mataifa ilimwumba mtu awe mtumwa wao ili wao walale, lakini huyu wetu alifanya kazi mwenyewe, kisha akamwita mtu wapumzike pamoja. Tulikuwa tunaandika mbio.

Kisha akauliza, kama anavyouliza siku zote, mtu aliumbwa siku gani. Tukapaza sauti wote, walimu na wanafunzi: ya sita! Akauliza, kabla ya wanyama au baada? Baada! Kwa hiyo siku ilikuwa inaishia? Inaishia! Basi kesho yake, yule mtu alipoamka, ilikuwa siku gani?

Yeye mwenyewe alikuwa amegeukia ubao, akiangalia namba za siku saba alizokuwa ameziandika, na mkono wake ukashuka. Nilimwona uso. Mwalimu alikuwa anafundishwa. Alisema polepole: “Siku yake ya kwanza nzima, huyu mutu, ilikuwa ya kupumzika. Alikuwa hajalima hata tuta moja. Hajafundisha mutu kitu. Na tayari alikuwa sura ya Mungu. Tayari Mungu alikuwa amesema ni vizuri sana.”

Aliweka chaki chini. Akatafuta pa kukaa. Kiti cha mwalimu hakikuwepo, kwa kuwa yeye mwenyewe alikifukuza mwaka 1991, akisema ni kitu cha wavivu. Basi alikwenda kwenye benchi la mbele, akajipenyeza kati ya wanafunzi wawili, akakaa.

Dakika arobaini zilikuwa zimebaki. Tano za kwanza tulidhani anaomba. Direkta alianza kutazama saa yake, halafu akaivua akaiweka mfukoni. Nje motari walipiga honi, mtu akauza mandazi, mtoto akalia na kunyamazishwa. Mama Adeline aliangalia dirishani, mikono iko mapajani, miguu imenyooshwa. Nililia. Nilitaka kusingizia vumbi la chaki, lakini hakuna aliyekuwa anaandika. Kengele ilipolia hatukuinuka. Ni yeye aliyesema somo limekwisha, na kwamba hili ndilo somo ambalo hataki tulisome nyumbani peke yetu, tuwe tunalisoma pamoja.

Kesho yake alikwenda mwenyewe ofisini, akampa Elodie ufunguo wa kalasi, na akaomba ile karatasi ya kustaafu ambayo mara mbili alikuwa ameikimbia. Mara ya kwanza alisema miwani haipo. Mara ya pili alisema kalamu haina wino, akiwa ameishika kalamu inayovuja. Safari hii aliketi, akajaza taratibu. Jina, Kahindo Adeline. Kuzaliwa, Butembo. Hali ya ndoa, mjane. Akafika kwenye mstari wa kazi. Wote tunajua anachoandika hapo. Ameandika “Mwalimu” kwa herufi kubwa kwenye kila karatasi ya maisha yake, hata ile ya hospitali, alipokuwa hawezi kushika kijiko. Alifikiri kidogo, kisha akaandika neno moja: “Mutu”.

Elodie hachezi na karatasi. Alimwambia kwa heshima kwamba ofisi itairudisha, kwa sababu hiyo haiko kazi. Mama Adeline akafunika kalamu. “Najua,” akasema. “Kazi nimeacha. Hii ndiyo imebakia.” Elodie alimtazama, akapiga muhuri.

Mama Adeline, walimu wenzako, wanafunzi wako wa miaka thelathini na sita, na siye majirani wa ukuta wa mbao, tunakuambia aksanti sana. Mungu akupe afya, akupe wajukuu wenye kelele za kiasi, akupe usingizi mzito wa mchana bila aibu. Uishi vema, ule vema, ukae mpaka uchoke kukaa. Tulikupenda ulipokuwa umesimama, na tunakupenda hivyo hivyo ukiwa umeketi.

Adolphe, kwa niaba ya komite ya Chuo cha Biblia Neema, Bunia